Niliandika 18 bila kuhesabu

Shikamoo Dada,

Mimi ni muuguzi, nina miezi tisa tangu nianze kazi kwenye wodi ya upasuaji. Nakuandikia nikiwa nimetoka zamu, usingizi umekataa, na wenzangu siwezi kuongea nao kwa sababu nao wamo ndani ya hadithi yenyewe. Naomba unisome mpaka mwisho hata kama barua ni ndefu.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa zamu ya usiku. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 28, yaani 14 kila mmoja. Kati ya wangu alikuwemo mama wa miaka 64 aliyefanyiwa upasuaji asubuhi ile ile, akatolewa kipande cha utumbo mpana kilichokuwa na uvimbe. Mama mpole, mwili wa kadiri, kilo 70 hivi. Ana presha ya siku nyingi, anatumia bisoprololi, na kabla ya kuingia thieta alimeza kidonge chake kama kawaida. Presha yake siku aliyolazwa ilikuwa 158/92.

Nilipopokea zamu saa 2 usiku mapigo yalikuwa 68, presha 148/84, oksijeni 97 bila kuwekewa mashine, joto 36.8. Saa 6 usiku mapigo 82, presha 132/82. Nikaandika, nikaenda kwa mwingine. Saa 8 usiku nikamkuta anavutavuta shuka. Mapigo 94, presha 118/86, oksijeni 95, joto 36.4. Mikono ya baridi. Aliomba maji mara tatu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, tumeshafika?" Nikamwambia, mama uko hospitali. Akasema, aa, ndiyo, hospitali. Nikaona ni usingizi tu. Dreni, ule mpira unaotoa damu na majimaji tumboni baada ya upasuaji, ilikuwa na damu kidogo, mililita 40. Mfuko wa mkojo nao mililita 40, kwa saa mbili.

Hapo Dada machale yakanicheza. Sijui nikuelezeje. Nilisimama pembeni ya kitanda nikahisi huyu mama anaondoka. Nikajumlisha alama zake kwenye chati ya tahadhari, zikatoka 2. Mbili! Kwa alama 2 hakuna mtu anayekimbia. Na hapa lazima nikiri: upumuaji niliandika 18. Sikuhesabu. Tunaandika hivyo karibu wote. Ukipitia mafaili ya wodi yetu utadhani wagonjwa wote wanapumua pamoja kama kwaya.

Nikampigia daktari wa zamu. Alikuwa ndani ya thieta, mikono imeshikwa, mtu mwingine akamwekea simu sikioni. Nikasema, "Daktari, yule mama wa utumbo hayuko sawa." Akauliza presha ngapi. Nikasema 118 kwa 86. Akasema, "Hiyo nzuri kuliko yangu. Ana maumivu huyo, mpe mofini yake." Mwenzangu wa zamu, ambaye ana miaka 11 kazini, alikuwa mezani anajaza mafaili. Akacheka, akasema wageni ndivyo mlivyo, kila kivuli ni jini. Nikampa mama mofini. Akatulia. Na mimi nikafurahi, Dada, nikafurahi kabisa, nikasema kumbe ni maumivu kweli.

Saa 9 na nusu nikarudi. Amelowa jasho, midomo imepauka, presha 88/60, mapigo 112. Safari hii pumzi nilizihesabu: 28. Wakamrudisha thieta, mshipa mmoja ulikuwa unavuja, tumboni wakakuta zaidi ya lita moja na nusu ya damu. Alipona. Siku anaruhusiwa alinishika mkono akanishukuru, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Nina maswali manne. Je, machale ni kitu cha kuaminiwa? Msimamizi wangu alisema tu, "Utayazoea kadiri unavyokaa." Pili, tangu usiku ule napiga simu kwa kila kitu. Wiki iliyopita niliita daktari mara tano kwa zamu moja na hakukuwa na kitu hata mara moja. Mzee mmoja mapigo yalikuwa 104 kumbe alikuwa ndiyo kwanza ametoka msalani akitembea. Sasa wananiita King'ora. Tatu, ile 18 bado imo kwenye faili, na wiki ijayo kuna kikao cha kupitia tukio. Mwenzangu ananishauri niigeuze iwe 22 kimya kimya, eti namba moja nane haikatai kuwa mbili mbili. Nne, je, niombe nihamishiwe kliniki ya wagonjwa wa nje?

Mdogo wako,
King'ora wa Wodi ya Upasuaji

*

Mdogo wangu King'ora,

Marahaba. Nitaanza na swali la tatu kwa sababu ndilo lenye tarehe.

Usiiguse ile 18. Hata kwa kalamu ya rangi ile ile, hata kama wodi nzima imelala. Sasa hivi wewe ni muuguzi ambaye hakuhesabu pumzi za mgonjwa. Ukiigeuza, unakuwa muuguzi aliyeghushi kumbukumbu za mgonjwa, na hakuna baraza la wauguzi linaloyaweka makosa hayo mawili kwenye kapu moja. La kwanza watu hulifundishia. La pili huchukua leseni. Na huyo anayekushauri leo, siku ya kuulizwa hatakuwepo.

Mwone msimamizi wako kabla ya kikao, mtu na mtu, umwambie kwa mdomo wako: "Upumuaji wa saa 8 usiku sikuuhesabu." Atakueleza panaandikwa wapi, kama ni maelezo ya nyongeza ndani ya faili, yenye tarehe na saa ya siku unayoyaandika, au ni kwenye taarifa yako ya kikao. Kama una chama cha wauguzi, zungumza nao kabla hujasaini chochote. Ni haki yako, wala si dalili ya hatia.

Najua unaogopa. Lakini tazama kitakachotokea ukinyamaza. Kikao kitafungua faili, kitaona alama 2, kitasema mgonjwa alikuwa salama saa 8 na akaanguka ghafla saa 9 na nusu. Wataandika "hakukuwa na dalili." Mgonjwa wa mwaka ujao atalipia sentensi hiyo.

Dalili zilikuwepo. Twende nazo polepole, maana barua yako ina kila kitu. Nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Namba ulizonipa zinalingana na chati ya NEWS2, ile ya chuo cha madaktari cha Uingereza, Royal College of Physicians. Toleo la kwanza lilitoka 2012, likarekebishwa 2017. Oksijeni 95 ni alama 1. Mapigo 94 ni alama 1. Presha 118 ni sifuri, joto sifuri, pumzi 18 sifuri. Jumla 2, umejumlisha vizuri. Lakini kati ya mambo waliyoyaongeza mwaka 2017 ni mgonjwa aliyeanza kuchanganyikiwa, na hilo peke yake ni alama 3. "Mwanangu, tumeshafika?" Mtu aliyejibu vizuri saa 2 usiku, ambaye saa 8 anadhani yuko safarini, huyo hana usingizi. Ameanza kuchanganyikiwa. Weka hizo 3: tayari uko kwenye 5, na 5 ndipo panapoitwa daktari kwa haraka. Bado hatujagusa pumzi. Kama ungehesabu ukapata kati ya 21 na 24, unaongeza 2, unafika 7, na 7 ni dharura kamili. Sisemi alikuwa anapumua 22. Hakuna atakayejua. Ninachosema ni kwamba chati hukuiambia yote, na chati hujibu kile ilichoambiwa.

Hapo ni kwenye chati. Sasa njoo kwenye mambo ambayo chati haina sehemu ya kuyaweka.

Umeandika neno bisoprololi juu juu, katikati ya sentensi ya kidonge cha asubuhi, kisha ukalipita. Mimi lilinisimamisha. Dawa ya jamii hiyo hushika moyo breki. Mtu anayepoteza damu, moyo wake hukimbia kufidia. Huyu mama moyo wake ulitaka kukimbia, dawa ikamshika shati. Kwa hiyo 94 yake si 94 ya kijana wa kidole tumbo. Kutoka 68 kwenda 94 ukiwa na bisoprololi mwilini, hiyo ni kelele. Hata saa 9 na nusu, presha imeshuka hadi 88, mapigo yalikuwa 112 tu.

Presha nayo. 118 ni nzuri kwa nani? Huyu aliingia hospitali na 158. Ameshuka 40 tangu alazwe, 30 tangu upokee zamu. Halafu fanya hesabu ambayo hatufundishani vya kutosha: toa namba ya chini kwenye ya juu. Saa 2 usiku, 148 toa 84 ni 64. Saa 6, 132 toa 82 ni 50. Saa 8, 118 toa 86 ni 32. Pengo limekatika nusu ndani ya saa sita. Damu ikipungua, mishipa hujibana kushikilia presha, namba ya chini inabaki juu au inapanda kidogo huku ya juu ikishuka. Mikono ya baridi uliyoishika ni mishipa hiyo hiyo iliyojibana. Mtu mzima anaweza kupoteza damu hadi karibu asilimia 30 ya damu yake kabla presha ya juu haijaanguka waziwazi. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo inakaribia lita moja na nusu. Soma tena waliyoyakuta tumboni mwake.

Mkojo: mililita 40 kwa saa mbili ni 20 kwa saa. Kipimo tunachoshika ni nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, kwa hiyo kwake ni 35. Figo zilishaanza kubania.

Dreni sasa. Hapa nina deni langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mgonjwa wa wengu, dreni kavu kabisa, na nilipokuwa nakabidhi zamu nilisema kwa majivuno, "Hajatoa hata tone." Mpira ulikuwa umezibwa na damu iliyoganda. Tone lilikuwepo, lilikuwa tumboni. Tangu siku hiyo dreni iliyojaa naiogopa na dreni kavu naiogopa zaidi. Dreni ikikuonyesha damu, amini. Isipokuonyesha, haijakuambia kitu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza. Yale uliyoyaita machale ni nini? Ni mikono ya baridi, shuka linalovutwa, maji mara tatu, swali la safari, mfuko wa mkojo usiojaa, na mapigo yanayopanda. Vitu sita. Uliviona vyote, na umeviandika barua nzima bila kusahau hata kimoja. Ulichokosa ni kuvipa majina vikiwa pale kitandani. Ndani ya kichwa vikajikusanya vikawa woga, na woga hauna namba ya kumsomea daktari kwenye simu.

Christine Tanner, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu namna wauguzi wanavyofikiri, mwaka 2006 aliigawa kazi hii sehemu nne: kugundua, kutafsiri, kutenda, kisha kurudi nyuma kutafakari. Wewe kugundua ulifaulu, ukaruka kutafsiri, ukaenda moja kwa moja kwenye simu. Ndiyo maana simu ilikosa nguvu. Na wala machale hayadharauliwi na watafiti. Gooske Douw na wenzake huko Uholanzi walikusanya mwaka 2015 tafiti zilizochunguza kwa nini muuguzi huingiwa na wasiwasi kabla ya vipimo kuharibika, na wakakuta wasiwasi huo una sura zinazojirudia: pumzi kubadilika, rangi na ubaridi wa ngozi, mgonjwa kutotulia, akili kuyumba, mgonjwa mwenyewe kusema hajisikii vizuri. Soma orodha hiyo kisha soma barua yako.

Msimamizi wako amesema utayazoea kadiri unavyokaa. Nusu ni kweli. Patricia Benner aliieleza safari hiyo tangu 1984, jinsi mgeni anavyoshikilia kanuni na jinsi mzoefu anavyomwona mgonjwa mzima kwa mtazamo mmoja. Lakini kukaa peke yake hakufundishi. Mwenzako ana miaka 11, na usiku ule miaka yote 11 ilibaki imekaa kwenye kiti cha meza ya wauguzi. Hakuinuka. Angeinuka akamshika yule mama mkono, nadhani asingecheka. Uzoefu wa mtu ambaye hajafika kitandani hauna uzito kuliko miezi yako tisa uliyokuwa umesimama pale.

Turudi kwenye ile simu. Daktari simtetei, alikuwa na nafasi ya kuuliza maswali mawili zaidi na hakuuliza. Lakini fikiria alichopewa: mtu aliye katikati ya upasuaji mwingine, sikio moja, anasikia "hayuko sawa" na "118 kwa 86." Kwa vitu hivyo viwili hata mimi ningesema maumivu. Kuna mpangilio wa kutoa taarifa ambao chanzo chake ni manowari za nyuklia za jeshi la majini la Marekani kabla haujaletwa hospitalini: hali ilivyo sasa, historia fupi, unachofikiri wewe, na unachoomba. Huenda mlifundishwa chuoni, mkafanya mtihani, mkasahau. Kwa mgonjwa wako ungetoka hivi:

"Daktari, ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kuhusu mama wa miaka 64 aliyetolewa kipande cha utumbo mpana leo asubuhi. Nadhani anavuja damu ndani. Saa 2 usiku presha ilikuwa 148 na mapigo 68. Sasa ni 118 na 94, na yuko kwenye bisoprololi. Mkojo mililita 20 kwa saa. Mikono baridi, hatulii, ameanza kuchanganyikiwa. Dreni ina 40 lakini siitegemei. Naomba aje mtu kumwona ndani ya dakika 15. Kama wewe huwezi kutoka, niambie nimpigie nani. Wakati huo nahakikisha kanula mbili kubwa zinapita, na nachukua damu ya himoglobini na ya kulinganisha kundi."

Soma kwa sauti, pima kwa saa yako. Haifiki dakika moja. Ona pale penye "nadhani anavuja damu ndani". Wauguzi wengi tunaogopa sentensi hiyo, tunaona tunaingilia kazi ya kutambua ugonjwa. Sema unachofikiri. Ukikosea, utakuwa umekosea mbele ya mtu aliyekuja kuangalia. Na dakika 15 ni muhimu kama presha yenyewe. Wewe ulikata simu bila muda wowote, ndiyo maana ukarudi saa 9 na nusu na si saa 8 na nusu.

(Himoglobini ikirudi nzuri usishangilie. Mtu akimwaga damu nzima nzima, iliyobaki ndani ina uzito ule ule kwa muda. Namba hushuka baadaye, maji yakishaingia kwenye mishipa.)

Akikujibu tena "mpe mofini", una sentensi nyingine: "Daktari, nina wasiwasi na sijaridhika kusubiri. Naandika kwamba nimekuarifu saa hii, na nampigia daktari mwandamizi." Iseme kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unavyoomba glavu. Kisha fanya ulichosema.

Kuhusu mofini yenyewe sitakukaripia, iliandikwa na ilielekezwa. Ila jiulize kwa nini ulifurahi alipotulia. Mtu anayepungukiwa damu au hewa huhangaika kwanza, na baadaye hutulia. Utulivu wa pili ni mbaya kuliko mahangaiko ya kwanza. Ukimpa dawa inayoleta usingizi katikati, huwezi tena kujua ni utulivu upi unaouona. Hukumuuliza kama ana maumivu. Hilo nalo limo kwenye barua yako, kwa kutokuwemo.

Sasa King'ora. Jina zuri, mimi ningelivaa. Lakini simu tano kwa zamu moja bila kitu, hilo si la kuchekwa wala la kusifiwa. Kilichokupata ni kwamba yule mama amelala kwenye kila kitanda chako. Kila mapigo yakifika 100 unamwona yeye. Ni kawaida ya akili iliyotishwa, na huisha, ila usiiache ikuendeshe. Sikuambii upige simu chache. Nakuambia kabla ya kupiga, simama kitandani dakika mbili na ufanye kazi uliyoiruka usiku ule. Mguse. Muulize jina na mahali alipo. Hesabu pumzi. Angalia namba za saa sita zilizopita, maana namba moja peke yake haisemi mengi. Fungua karatasi ya dawa uone kuna nini kinachoweza kuficha au kuleta unachokiona. Kisha jiulize: kama hiki ni kitu kibaya kuliko vyote kwa upasuaji huu, nitakiona wapi kwingine? Ukikuta mahali pawili au patatu, piga. Ukikuta hapana, rudia baada ya dakika 10. Kwa yule mzee wa msalani dakika 10 zingetosha. Angekaa, mapigo yangeshuka, simu ungeibakiza mfukoni.

Na weka daftari dogo, bila majina ya wagonjwa: niliona nini, nilidhani nini, ikawa nini. Mistari mitatu kwa kila simu. Ndiyo ile sehemu ya nne ya Tanner, ile ambayo karibu hakuna anayeifanya kwa sababu zamu imeisha na miguu inauma. Baada ya mistari kama 90 hivi utaanza kuona mahali unapokosea mara kwa mara, na patakuwa mahali pamoja au pawili tu.

Jambo moja zaidi upeleke kwenye kikao, na ulipeleke bila kuomba radhi: wagonjwa 14 kwa muuguzi mmoja usiku, mmoja wao akiwa siku ile ile ya upasuaji wa tumbo. Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali za Pennsylvania, ukaonyesha kwamba kwa kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa juu kwa asilimia 7. Usiitumie kuifunika 18. Sema 18 kwanza, kisha sema 14. Ukizigeuza, watasikia kisingizio.

Kliniki? Hapana, angalau usiombe sasa. Huombi kwenda kliniki, unaomba kumkimbia mama mmoja aliyekushika mkono. Ngoja kikao kiishe, upite usiku kama kumi hivi, kisha kama bado unaipenda kliniki kwa ajili ya kliniki yenyewe, nenda.

Usiku wa leo ukiingia zamu, ukishashika kifundo cha mkono wa mgonjwa kupima mapigo, ukimaliza usiuachie. Endelea kuushika, macho yahamie kifuani, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa yako. Mgonjwa akijua unamhesabia pumzi huzibadilisha, kwa hiyo mwache adhani bado unahesabu mapigo. Utasema muda hautoshi. Wagonjwa 14, dakika 14.